Fittipaldi, Piquet au Senna: uanze na bingwa yupi wa Brazil?

Brazil imetoa mabingwa watatu wa dunia wa mbio za langalanga (Formula 1), na kati yao wana mataji manane. Emerson Fittipaldi ana mawili (1972 na 1974), Nelson Piquet matatu (1981, 1983 na 1987), Ayrton Senna matatu (1988, 1990 na 1991). Tangu hapo hakuna Mbrazili mwingine aliyefika. Aliyekaribia zaidi ni Felipe Massa, mwaka 2008: alivuka mstari pale Interlagos, São Paulo, akiwa bingwa, watu wake wakaanza kukumbatiana gerejini, na kabla hawajaachiana Lewis Hamilton akampita Timo Glock kwenye kona ya mwisho, akalibeba taji kwa tofauti ya pointi moja.

Kwa hiyo anayetaka kuwajua Wabrazili hawa hana orodha ndefu ya kuchagua. Ni watatu tu, na bado watu hukwama. Wengi huanza na Senna kwa kuwa jina lake ndilo lililosafiri mbali, wakishafika kwake hawaondoki. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Ilinichukua miaka kumwendea Piquet, tena nilikwenda nikiwa nimeshajiandaa kumchukia. Fittipaldi nilimjua mwisho, ingawa bila yeye hao wawili wangepata taabu hata ya kupata pa kuanzia.

Ulinganisho huu ni wa mtu mwenye muda wa kumfuatilia mmoja vizuri, kwa kusoma habari zake na kutazama mbio zake za zamani, na hajui amshike yupi.

Vigezo nilivyotumia

Nimewapima kwa mambo sita: walikotoka na njia waliyopita, hesabu za kazi yao, namna walivyoendesha, walivyoishi na hatari, tabia zao pamoja na maisha ya nje ya usukani, na mwisho urahisi wa kuwafuatilia leo.

Kuna kigezo nimekiacha makusudi, nacho ni nani alikuwa na kasi kuliko mwenzake. Fittipaldi alitwaa taji lake la kwanza kwenye gari lisilo na kompyuta hata moja. McLaren ya Senna ya mwaka 1993 ilikuwa na shokapu zinazoendeshwa na kompyuta. Ukiwapambanisha sekunde kwa sekunde utakuwa unawapambanisha mafundi.

Walikotoka na njia waliyopita

Fittipaldi alizaliwa São Paulo tarehe 12 Desemba 1946, katika nyumba iliyonuka petroli. Baba yake, Wilson, alikuwa mtangazaji wa mbio za magari redioni, na kaka yake, Wilson mdogo, alikuwa dereva. Mwaka 1969 Emerson alipanda ndege kwenda Uingereza. Mwaka huo huo alishinda ubingwa wa huko wa Formula 3, mbio za magari madogo, na Julai 1970 alikuwa tayari ndani ya Lotus kwenye mbio za dunia, Brands Hatch. Kabla yake Wabrazili wachache walikuwa wameshiriki langalanga, lakini hakuna aliyewahi kushinda. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba kijana wa São Paulo anaweza kwenda Uingereza, akaanza na magari madogo, akapanda ngazi hadi juu. Njia hiyo ndiyo waliyoipita wengine wote.

Piquet ana mwanzo wa kuchekesha. Alizaliwa Rio de Janeiro tarehe 17 Agosti 1952, mtoto wa daktari aliyewahi kuwa waziri wa afya wa Brazil. Baba alitaka mwanawe awe mcheza tenisi, akampeleka hadi California akasome na kufundishwa. Kijana akarudi na kuingia kwenye magari. Jina lake la ukoo lilikuwa Souto Maior, na gazeti lolote lingemchongea nyumbani, kwa hiyo akajiandikisha kwa jina la upande wa mama, tena kwa herufi za kupotosha: Piket. Alijifunza ufundi kwa kuchafuka mikono, na hilo lilikuja kumfaa baadaye kuliko alivyodhani. Alishinda ubingwa wa Super Vee, mbio nyingine za magari madogo, nchini kwake mwaka 1976, kisha Formula 3 ya Uingereza mwaka 1978.

Senna hakuhitaji kujificha. Alizaliwa São Paulo tarehe 21 Machi 1960, na baba yake, Milton da Silva, mfanyabiashara, alimtengenezea gokati yenye injini ya mashine ya kukatia nyasi akiwa na miaka minne. Alianza kushindana rasmi akiwa na miaka 13. Alikuwa bingwa wa gokati wa Amerika Kusini, ila ubingwa wa dunia wa gokati ulimponyoka. Alishika nafasi ya pili mara mbili, 1979 na 1980. Alikwenda Uingereza mwaka 1981, na mwaka 1983 akamshinda Martin Brundle katika Formula 3. Naye pia alichukua jina la upande wa mama, kwa sababu nyingine kabisa: da Silva wako wengi mno Brazil.

Hesabu za kazi yao

| | Fittipaldi | Piquet | Senna |
|---|---|---|---|
| Miaka ya langalanga | 1970–1980 | 1978–1991 | 1984–1994 |
| Mbio alizoanza | 144 | 204 | 161 |
| Ushindi | 14 | 23 | 41 |
| Kuanza mbele kabisa | 6 | 24 | 65 |
| Mataji ya dunia | 2 | 3 | 3 |

Ukitazama jedwali kwa haraka, Senna anawafunika wenzake: karibu kila mbio nne alizoanza alishinda moja. Lakini hesabu hizi zina ukimya wake.

Ushindi wote 14 wa Fittipaldi ulipatikana kati ya 1970 na 1975. Mwaka 1972, akiwa na Lotus nyeusi na dhahabu, alikuwa bingwa akiwa na miaka 25, na rekodi yake ya bingwa kijana kuliko wote ilidumu hadi Fernando Alonso alipoivunja mwaka 2005. Mwaka 1974 aliipa McLaren taji lake la kwanza la madereva. Yeye na Clay Regazzoni wa Ferrari walifika mbio za mwisho, Watkins Glen, wakiwa na pointi sawa. Kisha akafanya jambo ambalo bado linawaumiza kichwa wanaompenda. Mwisho wa 1975, akiwa kileleni, aliiacha McLaren na kujiunga na timu ya Kibrazili iliyoanzishwa na kaka yake kwa fedha za ushirika wa sukari, Copersucar. Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alicheza kwao misimu mitano bila kushinda hata mara moja. Matokeo yake bora yalikuwa nafasi ya pili, Rio, mwaka 1978. Ukisoma jedwali bila kujua habari hii, utamwona dereva aliyeisha mapema. Ukiijua, utamwona mtu aliyenunua ndoto kwa bei ya mataji.

Hata hapo hesabu haijakamilika, kwa kuwa jedwali la langalanga halina Marekani. Fittipaldi alirudi kwenye usukani huko mwaka 1984, akawa bingwa wa mfululizo wa CART mwaka 1989, na akashinda Indianapolis 500 mara mbili, 1989 na 1993.

Hesabu za Piquet zinataka subira. Taji lake la 1981 lilikuja kwa pointi moja, 50 kwa 49 za Carlos Reutemann wa Argentina, katika uwanja uliochorwa kwenye maegesho ya hoteli huko Las Vegas. Joto lilimmaliza, akafika wa tano akiwa hoi, na nafasi hiyo ilitosha. La 1983 alilichukua katika ardhi ya Afrika, Kyalami, Afrika Kusini: Mfaransa Alain Prost alifika akiongoza kwa pointi mbili, injini yake ikamwangusha, Piquet akamaliza wa tatu na kuwa bingwa wa kwanza mwenye injini ya tabo (turbo). La 1987 ndilo linalowaudhi watu zaidi. Nigel Mansell, mwenzake wa timu ya Williams, alishinda mbio sita, Piquet tatu. Lakini Piquet alishika nafasi ya pili mara saba, na Mansell alipoumia mgongo Suzuka, Japani, hesabu ikafungwa.

Mkono kwenye usukani

Fittipaldi aliendesha kwa ulaini. Ukimtazama katika picha za zamani huoni vurugu. Gari linaingia kona na kutoka kana kwamba liko kwenye reli, tairi zinatunzwa, kosa la mwenzake linasubiriwa. Ushindi wake wa mwisho wa langalanga ulikuwa Silverstone mwaka 1975, siku ambayo mvua kubwa iliwatoa wenzake njiani mmoja baada ya mwingine. Yeye alikuwa miongoni mwa wachache waliojua lini na wapi pa kupunguza mwendo.

Piquet ni dereva wa gereji, na nasema hivyo kwa heshima. Alifanya kazi na Gordon Murray, mbunifu mzaliwa wa Durban, katika timu ya Brabham iliyomilikiwa na Bernie Ecclestone, na kundi hilo lilikuwa na akili za kusoma sheria mara mbili. Mwaka 1981 kanuni mpya ilitaka gari liwe juu ya ardhi kwa sentimeta sita. Lakini vipimo vilichukuliwa likiwa limesimama. Murray akalitengenezea Brabham shokapu maalumu: gari likikimbia, upepo unalikandamiza na kulilaza chini, likirudi taratibu gerejini, linanyanyuka lenyewe na kumsubiri mkaguzi. Wapinzani walipiga kelele. Piquet alikwenda Buenos Aires akashinda, na baada ya muda kila timu ilikuwa na kifaa chake cha namna hiyo. Gari la 1983 lilibuniwa na tangi dogo, ili aanze akiwa mwepesi na kusimama kati kujaza mafuta na kubadili tairi. Pale Kyalami alianza na mafuta kidogo, akakimbia kama mwenye moto mgongoni, na Prost alipotoka tu akapunguza mwendo na kulilinda gari hadi mwisho. Anayependa mchezo wa bao ataelewa mara moja: Piquet alihesabu kete za mashimo ya mbele.

Senna sasa. Hapa maneno huwa machache au mengi mno. Estoril, Aprili 1985, mvua kubwa, ushindi wake wa kwanza: zaidi ya dakika moja mbele ya Michele Alboreto, na wengine wote aliwaacha mzunguko mzima au zaidi. Monaco 1988, siku ya kupanga nafasi: alimpita Prost, mwenzake wa timu ya McLaren aliyekuwa na gari lile lile, kwa karibu sekunde moja na nusu. Donington 1993, mvua tena: alishika nafasi ya tano baada ya kuondoka, na mzunguko wa kwanza ulipoisha alikuwa wa kwanza.

Lakini kama unataka mbio moja tu ya kumjua, ni Interlagos, Machi 1991. Alikuwa hajawahi kushinda nyumbani. Akiwa anaongoza, gia zikaanza kumtoka moja baada ya nyingine, mpaka akabaki na ya sita peke yake. Dereva yeyote wa daladala anajua maana ya kuingia kona nyembamba na gia kubwa: injini inakoroma, gari linataka kuzima, mikono inavuta. Riccardo Patrese alikuwa akimkaribia, na mvua ikaanza kunyunyiza. Senna alishinda kwa sekunde tatu pungufu kidogo, akapiga kelele redioni ambazo huwezi kujua ni za furaha au maumivu, na misuli ilikuwa imekakamaa kiasi kwamba ilibidi asaidiwe kutoka garini. Jukwaani, kulinyanyua kombe ilikuwa kazi.

Kwa haki, yumo pia Senna wa upande wa pili. Pale Monaco 1988, siku moja baada ya kumwacha Prost mbali hivyo, alikuwa akiongoza kwa karibu dakika nzima, zikiwa zimebaki mizunguko kumi na kidogo. Akapoteza makini, akagonga ukingo kabla ya handaki. Kutangulia si kufika. Hakurudi gerejini kuzungumza na mtu. Alitembea moja kwa moja hadi nyumbani kwake.

Walivyoishi na hatari

Wote watatu walifanya kazi katika zama ambazo madereva walikufa, na namna kila mmoja alivyolibeba jambo hilo ndiyo, kwangu, inayowatofautisha zaidi.

Kazi ya Fittipaldi ilianzia kwenye msiba. Septemba 1970 kiongozi wa timu yake, Jochen Rindt, alikufa Monza wakati wa mazoezi. Fittipaldi, mgeni kabisa, akajikuta ndiye tegemeo la Lotus. Mwezi uliofuata, Watkins Glen, mbio zake za nne tu, akashinda, na ushindi huo ulizuia pointi zisiende kwa mpinzani wa Rindt. Marehemu akawa bingwa. Miaka mitano baadaye, Montjuïc, Barcelona, madereva walikuta vyuma vya kingo havijafungwa sawasawa. Makanika wa timu ilibidi wakavikaze wenyewe. Fittipaldi, akiwa bingwa mtetezi, alifanya mizunguko michache ya lazima kwa mwendo wa pole, kisha akafunga mizigo na kuondoka, akikataa kushindana. Mbio ziliendelea bila yeye. Bawa la nyuma la gari la Rolf Stommelen likavunjika, gari likaruka ukingo, na watazamaji wakafa. Sijui mabingwa wangapi wangeondoka siku ile.

Piquet alikutana na hatari kwenye kona ambayo jina lake unalijua hata kama hufuatilii magari: Tamburello, pale Imola. Mwaka 1987, kwenye mazoezi, aligonga ukuta hapo kwa kasi kubwa. Madaktari walimzuia kushiriki mbio. Alirudi haraka na kuwa bingwa mwaka huo huo, na baadaye sana alikiri kwamba baada ya kishindo kile hakuona tena umbali wa vitu sawasawa kama zamani. Fikiria hilo unaposoma zile nafasi saba za pili. Mwaka 1992 aligonga ukuta Indianapolis na miguu ikasagika. Mwaka uliofuata alirudi pale pale, akafuzu na kuanza mbio, kisha injini ikamwacha.

Senna alikuwa na uhusiano mgumu zaidi na hatari. Huyu ndiye aliyemgonga Prost kwa makusudi Suzuka mwaka 1990, kona ya kwanza, kwa mwendo wa kutisha, na mwaka mmoja baadaye akakiri mbele ya waandishi. Huyu pia ndiye aliyesimamisha gari lake Spa mwaka 1992, akaruka nje na kukimbia katikati ya njia hadi kwa Érik Comas aliyepoteza fahamu, akaizima injini yake na kumshika kichwa mpaka madaktari walipofika. Anayekupa Senna mmoja kati ya hao wawili, amekupa nusu.

Kisha Imola, 1994. Ijumaa Rubens Barrichello alipata ajali mbaya. Jumamosi Roland Ratzenberger wa Austria alikufa. Jumapili, Mei 1, mzunguko wa saba, gari la Senna liliacha njia Tamburello na kugonga ukuta. Kipande cha chuma cha gurudumu kikaipiga helmeti yake. Alikuwa na miaka 34. Ndani ya gari ilikutwa bendera ya Austria, aliyokusudia kuipeperusha kwa heshima ya Ratzenberger. Brazil ilitangaza siku tatu za maombolezo, na miongoni mwa waliolibeba jeneza São Paulo walikuwa Prost na Emerson Fittipaldi.

Tabia, na maisha nje ya usukani

Fittipaldi ni mtu wa watu. Ila hata yeye aliwahi kuwaudhi Wamarekani. Mshindi wa Indianapolis hunywa maziwa, ni mila ya miongo mingi. Mwaka 1993 alishinda, na mbele ya kamera akainua chupa ya maji ya machungwa, kwa sababu alikuwa na mashamba ya machungwa Brazil. Alizomewa. Ajali ya Michigan mwaka 1996 ilimfungia kazi, na mwaka 1997 aliponea ajali ya ndege ndogo akiwa na mwanawe mdogo. Ukoo bado uko njiani: mjukuu wake Pietro aliendesha gari la timu ya Haas katika mbio mbili za langalanga mwaka 2020.

Piquet hana breki mdomoni. Alimtukana Mansell na mkewe kupitia gazeti, alimshambulia dereva mwenzake Eliseo Salazar wa Chile kwa mateke na ngumi mbele ya kamera Hockenheim mwaka 1982, na yeye na Senna hawakuiva chungu kimoja. Mengine yanachekesha, mengine hayachekeshi hata kidogo. Mwaka 2022 yaliibuka maneno yake ya kibaguzi juu ya Lewis Hamilton, akalaumiwa dunia nzima na kuomba radhi. Anayetaka kumfuatilia Piquet ajue analipata furushi zima. Katika biashara alifanikiwa, hasa kwa kampuni yake ya kufuatilia malori kwa setilaiti, jambo linalomfaa sana mtu wa hesabu. Mwanawe, Nelson mdogo, alikuwa bingwa wa kwanza wa Formula E, mbio za magari ya umeme.

Senna alikuwa mcha Mungu wa wazi, msiri wa mambo yake, na mgumu kufanya naye kazi. Uadui wake na Prost ulijaza magazeti kwa miaka. Hakupata maisha ya baada ya usukani, lakini dada yake, Viviane, alianzisha taasisi yenye jina lake mwezi Novemba 1994, na imekuwa ikishughulikia elimu ya watoto wa Brazil tangu wakati huo. Kifo chake pia kilisukuma mabadiliko ya usalama: Tamburello yenyewe ilivunjwa ile kona ndefu ya kasi na kuchorwa upya.

Urahisi wa kuwafuatilia

Senna ni rahisi kuliko wote. Filamu, makala na mbio kamili zipo tele. Piquet mbio zake zinapatikana, ila simulizi nzuri juu yake nyingi ziko kwa Kireno. Fittipaldi wa miaka ya sabini utampata kwa vipande vipande, kwa kuwa televisheni ya wakati ule haikurekodi kila kitu. Wa Indianapolis anapatikana kwa urahisi zaidi. Kwa Kiswahili, wote watatu bado wanasubiri mtu wa kuwaandika vizuri.

Nani amfae nani

Kama hujawahi kutazama langalanga hata mara moja na unataka kuelewa kwa nini watu hulia kwa sababu ya magari, anza na Senna. Anza na Interlagos 1991, usianze na Imola. Ukianza na kifo chake utatazama kila kitu kingine kupitia kifo.

Kama wewe ni fundi, mwanafunzi wa uhandisi, au yule mtu wa kijiweni anayefungua boneti ya kila gari linaloegeshwa, mchukue Piquet wa Brabham, 1981 hadi 1983. Ukimpenda, endelea naye Williams. Ukichoshwa na mdomo wake, pumzika. Magari ya Murray bado yatakuwepo.

Kama uko katikati ya maisha na umeanguka mahali, biashara imekataa au kazi uliyoiacha kwa ajili ya ndoto imekwama, Fittipaldi atakusemesha kuliko hao wengine. Tazama mwisho wa Indianapolis 1989: mizunguko miwili imebaki, Al Unser Jr. yuko naye bega kwa bega, magurudumu yanagusana, Unser anagonga ukuta. Fittipaldi anapopita akiwa mshindi, Unser amesimama kando ya njia akimwinulia dole gumba. Fittipaldi alikuwa na miaka 42.

Kama unatafuta mfano wa kumpa kijana anayeanza gokati, ningempa Fittipaldi kwa mwenendo na Senna kwa bidii ya mazoezi, na ningemficha Suzuka 1990 mpaka akue kidogo. Kama kijana huyo ni mjanja wa hesabu, hutaweza kumficha Piquet.

Ukishindwa kabisa kuamua kati ya Piquet na Senna, kuna mbio moja inayowaweka pamoja: Hungaroring, Agosti 10, 1986, langalanga ilipokwenda Hungary kwa mara ya kwanza. Senna alianza mbele. Piquet alijaribu kumpita kwa ndani kwenye kona ya kwanza, akatoka nje sana, Senna akajirudishia nafasi. Mara ya pili Piquet alikwenda upande wa nje, mahali ambapo hakuna aliyepaita njia, gari likateleza kwa magurudumu yote manne huku usukani ukiwa umegeuzwa upande wa pili, na akapita. Mansell, aliyekuwa wa tatu, walikuwa wamemwacha mzunguko mzima.